Kilo 20 mgongoni: begi la mlimani huchaguliwa kuanzia kiunoni

Kwenye mageti ya kupandia Mlima Kilimanjaro, mzigo wa mpagazi hupimwa kwa mizani, na kikomo ni kilo 20. Kanuni hiyo ni njema na inastahili kusimamiwa bila kulegeza. Lakini kilo 20 ndani ya begi baya huumiza kuliko kilo hizo hizo ndani ya begi zuri, na tofauti hiyo mizani haiioni. Nawaandikia wapagazi, waongozaji, askari wa uhifadhi na vijana wanaopanda Meru au kuzunguka Usambara kwa miguu. Wengi wao hununua begi kubwa kwa kushikashika kitambaa, kuvuta zipu mara mbili, kisha kulipa.

Kitambaa ni cha kutazama mwishoni. Anza na kiuno.

Mkanda wa begani ukibeba uzito wote, hukandamiza mishipa ya bega, na baada ya saa chache mikono huanza kufa ganzi. Begi lililotengenezwa vizuri hupeleka sehemu kubwa ya uzito kwenye mifupa ya nyonga, ili miguu ndiyo ibebe. Kwa hiyo mkanda wa kiuno uwe mpana, wenye sponji ngumu isiyobonyea ikashikana ukiiminya kwa vidole. Na lazima kuwe na fremu, yaani vyuma vyembamba vya aluminiamu au bamba gumu la plastiki mgongoni, inayoushusha mzigo kutoka juu hadi kwenye mkanda huo. Dick Kelty alianza kuuza mabegi yenye fremu ya aluminiamu huko California mwaka 1952, na hadi leo hakuna aliyepata njia ya kubeba mzigo mzito kwa starehe bila kitu kigumu mgongoni. Lisimamishe begi sakafuni, ulikandamize kutoka juu kwa viganja viwili. Likikunjamana, mkanda wake wa kiuno ni pambo tu.

Kisha pima mgongo wako, maana urefu wa mtu hausemi urefu wa mgongo wake. Inamisha kichwa, papasa mfupa unaojitokeza chini ya shingo. Weka viganja juu ya nyonga, vidole gumba vikielekea nyuma. Umbali kati ya mfupa ule na mstari wa vidole gumba ndio kipimo cha begi lako. Watu wawili wanaolingana kimo wanaweza kupishana sentimita kadhaa hapo, na ndiyo sababu begi la kaka yako linaweza kukutesa ingawa yeye halimsumbui. Begi lenye mgongo unaorekebishika ni bora zaidi kama litavaliwa na watu tofauti.

Usikubali kujaribu begi tupu. Nenda dukani na chupa 15 za maji za lita moja moja, au mifuko ya unga yenye uzito huo. Funga mkanda wa kiuno kwanza, ukae juu ya mifupa ya nyonga na si tumboni, halafu legeza mikanda ya mabegani mpaka kiganja kipite chini yake. Begi likibaki mahali pake, linabeba. Likiteleza kuelekea makalioni, lirudishe. Muuzaji akikasirika, nenda duka jingine.

Sasa mishono, na hapa nataka usiwe na haraka, kwa sababu mabegi mengi hufia hapa huku kitambaa kikiwa bado kizima. Ligeuze ndani nje. Tazama pale mikanda ya mabegani inaposhikana na mgongo, na pale mkanda wa kiuno unapoanzia. Unatakiwa kuona uzi ulioshonwa kwa kurudia mara nyingi mahali pamoja hadi ukawa kipande kigumu, juu ya kitambaa cha ziada kilichowekwa kuimarisha. Kingo za ndani ziwe zimefunikwa kwa utepe. Nyuzinyuzi zikiwa zinaning'inia, au mshono umepita milimita chache tu kutoka ukingoni, mzigo utauchana. Na hata begi zuri usiliinue kwa mkanda mmoja wa bega, kwani kilo zote 20 zinaning'inia kwenye mshono mmoja. Tumia kitanzi cha juu.

Zipu za begi kubwa ziwe namba 8 au 10. Namba huandikwa mara nyingi nyuma ya kichwa cha zipu. Vumbi la mlimani husaga kichwa hicho hadi zipu ikaanza kuachia nyuma yake. Kichwa kipya hutosha kuiponya, kwa hiyo usikubali fundi abadilishe zipu nzima kabla hajajaribu. Klipu za plastiki zikivunjika hubadilishwa.

Kuhusu kitambaa, utaona namba za denia, ambazo ni uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Nailoni ya denia 420 hadi 500 inatosha kazi ngumu. Usidanganywe na polista ya denia 600 kwa sababu ya ukubwa wa namba: nailoni ya 420 kwa kawaida huvumilia msuguano na kuchanika zaidi kuliko hiyo, ingawa polista hustahimili jua vizuri zaidi.

Mitumba ina hazina kubwa. Soko la Memorial mjini Moshi na Gikomba la Nairobi hupokea mabegi ya mlimani ambayo mapya yake wengi wetu hatuyamudu. Ila ingiza mkono ndani kabla ya kulipa. Mabegi mengi hupakwa utando wa plastiki wa kuzuia maji, na unyevu pamoja na joto huuozesha taratibu hata kama begi halikutumika. Utando ukinata mkononi, ukibanduka kama unga au ukitoa harufu kali, umekwisha na haurudishiki. Begi hilo bado linaweza kubeba, lakini bei ishuke, na nguo zako zikae ndani ya mfuko usiopitisha maji.

Kwa makampuni ya utalii nina ombi. Shirika la Kilimanjaro Porters Assistance Project la Moshi huwaazima wapagazi nguo za baridi bila malipo, na kazi hiyo imewakinga wengi. Nanyi nunueni mabegi yenye fremu na mikanda ya kiuno, yenye migongo inayorekebishika, muyatunze stoo pamoja na mahema na kuwapa wapagazi kila safari. Begi moja imara likitengenezwa kwa wakati hutumika misimu mingi, na shingo ya mtu haina kipuri.