Sigara Mlangoni mwa Shule: Tabora Ianzie Dukani

Mkoani Tabora, tumbaku ni ada ya shule, bati la nyumba na mtaji wa msimu ujao. Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui, maelfu ya familia huotesha miche kitaluni, hukausha majani kwenye mabani kwa moto wa kuni, kisha huuza mitumba yao kupitia vyama vya msingi vya ushirika. Ndiyo maana mtu akishauri sigara zisogezwe mbali na shule, haraka huulizwa kama ana ugomvi na mkulima.

Ugomvi huo haupo. Sehemu kubwa ya tumbaku inayolimwa Tanzania huuzwa nje ya nchi, na soko lake hutegemea mikataba ya kampuni za kimataifa. Sigara moja anayouziwa mwanafunzi wa kidato cha pili haiongezi kitu kwenye mizani ya mkulima wa Urambo. Shamba lina sera zake na duka lina zake, na zikichanganywa anayeumia ni mtoto.

Uvutaji wenyewe si mgeni katika njia ya zamani ya misafara iliyopita Tabora. Wapelelezi wa Kiingereza Richard Burton na John Speke walifika Kaze, jirani na Tabora ya leo, Novemba 1857, na kitabu cha Burton cha 1860 kinaeleza jinsi tumbaku na bangi zilivyovutwa katika nchi walizopita. Kilimo kikubwa cha biashara kilikuja baadaye sana, pale Urambo, baada ya mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947 kushindwa.

Kinachowatia hofu wataalamu wa afya ni umri wa kuanza. Ubongo wa binadamu huendelea kukomaa hadi karibu miaka 25, na nikotini hushika kwa nguvu zaidi kabla ya hapo. Wavutaji wengi duniani walianza wakiwa vijana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka.

Sheria ipo. Sheria ya Bidhaa za Tumbaku ya mwaka 2003 inakataza kumuuzia sigara mtu aliye chini ya miaka 18, na mwaka 2007 Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Kudhibiti Tumbaku. Ibara ya 16 ya mkataba huo inazitaka nchi zijitahidi pia kuzuia uuzaji wa sigara moja moja, na sababu yake iko wazi: pakiti nzima humshinda mtoto bei, lakini sigara moja hununuliwa kwa chenji ya maandazi.

Kikwazo kwa sheria hiyo ni mazoea ya nyumbani. Mtoto hutumwa sigara na baba au mjomba kama anavyotumwa chumvi, na muuzaji akiulizwa hujibu kwamba alidhani mtoto katumwa. Mradi watu wazima wanaendelea kuwatuma watoto, jibu hilo litaendelea kumwokoa kila muuzaji.

Nchi nyingine zimejaribu njia mbalimbali. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2015, ilipandisha umri wa kuuziwa hadi miaka 21 na kupiga marufuku sigara moja moja. India, kwa sheria ya mwaka 2003, inakataza kuuza tumbaku ndani ya yadi 100, yaani kama meta 91, kutoka taasisi ya elimu. Katika jimbo la Ontario nchini Kanada, ambako bangi imehalalishwa, duka la bangi halipewi kibali likiwa ndani ya meta 150 kutoka shule.

Hata hivyo, meta peke yake hazitoshi. Utafiti uliofanywa California katika shule za sekondari 135 na kuchapishwa 2008 ulionyesha kuwa shule zenye maduka ya sigara zaidi ya matano katika umbali wa kutembea zilikuwa na wavutaji wengi kuliko zisizo na duka hata moja. Tofauti ilikuwa asilimia 3.2 ya wanafunzi. Umbali wa duka lililo karibu zaidi haukuonyesha uhusiano wa namna hiyo. Kilichohusiana na uvutaji ni wingi wa maduka.

Kwa bangi, Tanzania haina duka la kulipimia umbali. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015 inaifanya biashara hiyo kuwa kosa la jinai, na kazi hapo ni ya polisi, walimu na wazazi. Sigara ni bidhaa halali yenye muuzaji anayejulikana, na kwa sababu hiyo ni rahisi zaidi kuidhibiti.

Halmashauri zina uwezo wa kutunga sheria ndogo. Madiwani wa Manispaa ya Tabora, mji wenye shule kongwe alikosoma Mwalimu Nyerere, wanaweza kuanza na mambo matatu: kibali maalumu kwa kila muuza sigara, ukomo wa vibali katika kila kata yenye shule, na kufutiwa kibali kwa anayemuuzia mtoto, awe katumwa au hakutumwa. Wazazi nao waende wenyewe kununua sigara zao, kuanzia leo.