Mizimu ya Wazee Nayo Ipewe Haki Yake Vitabuni

Mgeni apitaye hapa Kasesya, akitoka Sumbawanga kwenda Mbala upande wa Zambia, hakosi kuuliza, nusu kwa mzaha na nusu kwa hofu, iwapo ni kweli kwamba Ufipa ni nchi ya wachawi na radi za kutumwa. Jibu limo katika jina la mji alikotoka. Wazee husimulia kwamba Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi". Jina la kuukana uchawi limegeuzwa kuwa hati ya mashtaka dhidi ya wenyeji wake.

Yaliyolipata jina hilo yameipata pia mizimu ya wazee wetu. Wafipa walimjua Mwenyezi Mungu kwa jina la Leza, na pamoja na hayo waliiheshimu mizimu ya nchi, iliyohusishwa na milima, misitu na maji. Chatu alikuwa alama yake. Roy Willis, mtaalamu Mwingereza aliyefanya utafiti Ufipa katika miaka ya 1960, aliieleza heshima ya chatu huyo katika kitabu chake cha mwaka 1974. Lakini mtu asiyejua kisa kingine cha nyoka ila kile cha bustani ya Edeni, atamwona chatu yule yule kuwa ni Ibilisi. Hivyo ndivyo mlinzi wa nchi anavyohukumiwa kuwa adui wa watu, bila ya kusikilizwa.

Je, waandishi wetu wa riwaya na tamthilia wameirekebisha dhuluma hii, au wameizidisha? Wako walioirekebisha, na yafaa tuwataje.

Muhammed Said Abdulla, katika "Mzimu wa Watu wa Kale" kilichotoka mwaka 1960, anatuonyesha maiti ya tajiri ikikutwa mahali pa mzimu. Hofu inawaelekeza watu kwenye mzimu. Bwana Msa anautafuta mkono wa binadamu. Fundisho lake ni zito: mara nyingi mzimu husingiziwa ili mwenye hatia apone.

Ebrahim Hussein, katika tamthilia ya "Kinjeketile" ya mwaka 1969, alikwenda mbali zaidi. Kabla ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, watu wa Rufiji walikuwa wakienda kwa Bokero kuomba mvua. Hongo, aliyempanda Kinjeketile wa Ngarambe, alihesabiwa kuwa chini ya Bokero huyo. Kwa mkoloni, yote hayo yalikuwa uchawi mtupu. Mwandishi anatuonyesha jambo jingine: neno la Hongo linawaunganisha watu waliogawanyika, lakini Kinjeketile mwenyewe anaingiwa na shaka juu ya maana yake, naye anawasihi wenzake wangoje, wala hawangoji. Ndipo msomaji anapotambua kwamba mungu anaweza kukosewa na adui yake, na anaweza pia kukosewa na wafuasi wake.

Naye Aniceti Kitereza wa Ukerewe, mkatekista wa Kikatoliki, alikamilisha kwa Kikerewe mwaka 1945 riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, iliyochapishwa kwa Kiswahili mwaka 1980. Humo mizimu ya mababu haitishi wala haichekeshi. Imo nyumbani, katika ndoa, katika ugonjwa na katika uzazi, kama ilivyokuwa. Dini yake mpya haikumfanya awasingizie wazee wake.

Mwandishi wa safu hii alianzia chuo cha Kurani kabla ya shule ya Serikali. Huko alifundishwa kwamba hapana mungu ila Mungu mmoja, na hilo halina mjadala. Lakini alifundishwa vile vile kwamba ushahidi wa uongo ni dhambi, na marehemu hawezi kujitetea. Kueleza kwa haki walichokiamini babu zetu si kukiabudu.

Wala jambo hili si la vitabuni tu. Katika nchi yetu vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, hasa katika mikoa ya Kanda ya Ziwa. Hadithi inayoufanya kila mzimu kuwa pepo mbaya, na kila bibi ajuaye dawa za miti kuwa mchawi, haimshiki mtu panga mkononi. Lakini humzoesha kumwogopa bibi huyo, na mwenye hofu haulizi ushahidi.

Kwa hiyo vijana wetu wenye kalamu, kutoka Kasesya na Matai hadi Sumbawanga, hawana budi kwenda kwanza kwa wazee, wakae, waulize: mzimu huu ulikuwa wa nini? Ulimkataza nani, na ulimlinda nani? Wakishajibiwa, waandike. Mkataa kwao ni mtumwa. Na amsingiziaye babu yake asishangae mjukuu akimsingizia yeye.