Je, Wajua? Manyapara wa Shamba la Akheri

Je, wajua…

…kwamba mzizi na jani la mgomba mmoja wa Akheri vimebeba jeni zilezile? Tofauti ni zipi zimewashwa na zipi zimezimwa. Swichi hizo hubonyezwa na protini zinazong'ang'ania DNA, nazo zina jeni zake. Tuziite jeni hizo manyapara: hawashiki jembe, wanatoa amri tu.

…kwamba mmea wa kwanza kusomwa jenomu nzima, mwaka 2000, ni Arabidopsis, kijimea cha ukoo wa sukumawiki kinachoota pia kwenye milima mirefu ya Afrika Mashariki? Kati ya jeni zake zipatazo 25,000, zaidi ya 1,500 ni manyapara.

…kwamba babu wa mahindi, teosinte wa Mexico, ni kichaka chenye matawi tele? Kipande cha DNA kilijipachika jirani na nyapara TB1, kikamwongezea sauti, naye akayanyima matawi ruhusa ya kukua. Wakulima wa kale walipenda mbegu hiyo. Ndiyo maana muhindi wa Akheri husimama bua moja.

…kwamba waridi pori huwa na petali tano tu? Mawaridi ya mashamba ya Usa River yamejaa petali kwa kuwa nyapara wa ukoo wa AGAMOUS amebanwa katikati ya ua. Nje ya himaya yake, viungo vilivyopaswa kutoa chavua vinageuka petali.

…kwamba bibi anapovundika ndizi anaizuia gesi ya ethilini, inayochochea kuiva, isitoroke? Ndani ya tunda, manyapara wa ukoo wa MADS husukuma kazi ya kuivisha, wanga ukawa sukari. Watafiti walipowapunguza nguvu wawili kati yao, ndizi zilichelewa kuiva.

…kwamba jeni nyingi hupewa jina la kasoro inayoonekana zikiharibika? Chuma nyanya: kikonyo hukatikia kwenye kifundo kidogo, kipande kikabaki kwenye tunda. Kifundo hicho ni amri ya nyapara aitwaye JOINTLESS, yaani "bila kifundo". Akiharibika, nyanya hutoka uchi, kikonyo kikabaki shinani. Jumamosi ukifika soko la Tengeru, chungulia tenga: nyanya iliyotobolewa na kikonyo cha jirani yake imeumizwa na nyapara aliyetimiza kazi yake.