Fistula: Tiba ipo, nauli ndiyo kikwazo

KAJAGA, Bujumbura — Wafanyabiashara wanaopita Kajaga kuelekea mpaka wa Gatumba huulizana bei za bidhaa, thamani ya faranga na hali ya forodha. Fistula haitajwi, ingawa humtoa mama sokoni hata kama mtaji wake haujaisha.

Fistula ya uzazi husababishwa na uchungu uliokwama kwa saa nyingi, pengine siku, bila upasuaji. Kichwa cha mtoto hukandamiza nyama laini mpaka zikafa. Hubaki tundu, na mkojo au kinyesi huvuja bila kuzuilika. Mara nyingi mtoto naye hufariki. Kwa mwanamke aliyekeketwa, makovu huweza kuufanya uzazi uwe mgumu zaidi.

Mama huyo huona haya kupanda basi au kukaa kwenye meza yake sokoni. Wapo wanaosema amerogwa. Hakurogwa, ana jeraha, na jeraha hilo hushonwa.

Mwaka 2010 shirika la Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) lilifungua kituo cha Urumuri, yaani mwanga, katika hospitali ya Gitega, na wagonjwa wa fistula wakatibiwa bure. Ng'ambo ya Rusizi kuna Hospitali ya Panzi, Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Dk. Denis Mukwege, mshindi wa Nobel ya Amani 2018. Lakini tangu vita vilipoingia Bukavu Februari 2025, safari hiyo ina mashaka.

Hata tiba ikiwa bure, nauli hailipwi na hospitali kila mahali. Nchini Tanzania, hospitali ya CCBRT ya Dar es Salaam ilianza mwaka 2009 kutuma nauli kwa M-Pesa kupitia mabalozi vijijini, na mgonjwa akasafiri bila kukopa. Vikundi vya akiba vya akina mama wa mpakani vinaweza kufanya hivyo kwa Lumicash.

Ukimjua mwenye tatizo hili, mwambie mambo matatu. Awahi: tundu dogo likigunduliwa mapema huweza kuziba kwa mpira wa mkojo tu, uliovaliwa wiki kadhaa. Atafute daktari bingwa tangu upasuaji wa kwanza, kwa kuwa ndio wenye nafasi kubwa ya kufaulu. Akipona na kushika mimba tena, ajifungulie hospitali, kwa upasuaji.