Elimu ya Ubongo na Kompyuta: Binti Zetu Wana Nafasi

Januari 2024, nchini Marekani, kampuni ya Neuralink ilipandikiza kifaa katika ubongo wa kijana aliyepooza kuanzia mabegani kwenda chini. Kwa uwezo wake Mola, kijana huyo akaweza kusogeza kishale cha kompyuta kwa kuwaza tu.

Kazi hii haimhitaji daktari wa upasuaji pekee. Yuko fundi wa elektroniki aundaye nyuzi nyembamba kuliko unywele. Mwanahisabati na mtunzi wa programu wanaofasiri ishara za ubongo. Na muuguzi amwangaliaye mgonjwa. Yuko pia mwanasheria, kwani mawazo ya mtu ni siri, na siri ni amana. Kuhifadhi akili ni miongoni mwa makusudio matano ya Sheria; vipi basi mipaka yake iwekwe na wengine peke yao?

Enyi wazazi, binti achaguapo masomo ya sekondari ya juu, tusimwambie kuwa hisabati na fizikia ni za wavulana. Mlango mmojawapo ni uhandisi wa vifaa vya tiba, nao hufundishwa hapa nchini, katika chuo cha KMTC. Allah awafungulie wanetu milango ya elimu yenye manufaa. Amin.