Kisanduku cha nkambo: medali ya Birmanie na buku ya kazi

Mwezi wa tano, mwipwa wangu alikuja kwetu Likasi na shauri lake. Yeye ni mchimbaji wa mikono, anatafuta kobalti na wenzake upande wa Kolwezi, na mwaka huu mashimo hayakumpa kitu. Watoto wake wawili, wote wa sekondari, walikuwa wamefukuzwa masomoni juu ya minerval. "Tonton," akaniambia, "mule mu kisanduku ya nkambo muko medali. Iko mutu ku Lubumbashi analipa dolari makumi sita."

Kisanduku kile familia yote inakijua. Ni cha bati, rangi ya majani ya jeshi, kufuli yake ilivunjika zamani. Tangu nkambo alipokufa mu 1987 kinakaa chini ya kitanda cha shangazi, na mwenye kukifungua ni yeye peke yake. Basi siku ya Mungu, kisha misa, tukaketi wote akakitoa. Mulikuwa vitu vitatu. Kijiko cha chuma. Medali, ile wanayoiita Médaille africaine de la guerre 1940-1945, na juu ya utepe wake kamupira kadogo ka chuma kameandikwa BIRMANIE. Na buku ya kazi, imekula vumbi, ambayo haikuwa ya nkambo. Ilikuwa ya mukubwa wake.

Tuanze na medali, maana njo ile iliyoulizwa bei.

Mwezi wa tano 1940, Wajerumani waliikamata Ubelgiji kwa siku 18 tu. Gouverneur général Pierre Ryckmans, pale Léopoldville, akasema Kongo itabaki upande wa Waingereza na itaendelea na vita. Kuendelea na vita maana yake ilikuwa watu. Machefu walipashwa kutoa vijana kwa ajili ya Force Publique, na mtu aliyechaguliwa aliingia kwa miaka 7. Nkambo hakujitoa. Yeye mwenyewe alisema hivi: "Chefu alininyooshea kidole, mama yangu akalia, kesho yake nikaenda."

Watu wengi wakisikia vita vya wazee wetu wanafikiri Saio. Ni haki, maana pale Abyssinie, tarehe 3 mwezi wa saba 1941, Waitalia pamoja na majenerali wao walijitoa mikononi mwa General Gilliaert na basoda wa Kongo, na mpaka leo Kinshasa iko na avenue Saïo, Assossa, Gambela. Lakini nkambo hakushika bunduki ya Saio. Walimuweka mu lopitalo ya jeshi, ile Waingereza waliyoipa namba 10, lopitalo ya Wakongo inayofuata basoda mpaka karibu na risasi. Kazi yake ilikuwa kubeba. Aliita machela "tipoyi," sawa ile waliyobebea wazungu wa zamani, na alipenda kuongeza: "Ila mu hii yangu hamukupanda bwana mukubwa, mulipanda damu."

Alipita Madagascar. Kisha meli, kisha India, na mu 1944 akajikuta Birmanie, kwenye bonde la Kabaw, pamoja na divizioni ya 11 ya Afrika ya Mashariki. Mvua za kule, alisema, hazifanani na zetu za mwezi wa kumi na mbili. Zilikuwa zinaanguka mchana na usiku, njia inageuka mto wa matope, kamioni zinalala upande, na kilomita moja ya kubeba mgonjwa inaweza kula nusu ya siku. Malaria ilimaliza watu kushinda Wajapani. Walipiga hema, wamunganga wanapasua watu chini ya taa, na kabla hema haijakauka wanaambiwa tena: kunjeni, twende mbele. Vile vile mpaka mto Chindwin, mpaka Kalewa, mwezi wa kumi na mbili.

Kule njo alijifunza Kiswahili kingine. Basoda wa Kenya, Uganda na Tanganyika walisema "hawajui," "wapi maji," "polepole ndugu," na mgonjwa mwenye maumivu hawezi kungoja umutafsirie. Nkambo akarudi kamponi na maneno yale mdomoni. Watoto walimucheka miaka mingi, wakisema anasema sawa redio. Mimi nami nilicheka. Leo, nikiandika gazetini, nashangaa kuona maneno yake mengi njo yale ninayoyaandika.

Alirudi mu 1945. Na hapa kuna jambo ambalo shangazi analijua kwa mdomo wa mama yake, maana nkambo mwenyewe hakulisema hata mara moja.

Alishuka treni Elisabethville amevaa kaki, viatu vinang'aa, medali bado haijafika lakini kifua kiko mbele. Akaenda moja kwa moja kwa mukubwa wake, aliyekuwa anafanya kazi kwenye fonderi. Akapiga hodi. Mukubwa akachungulia, akaona kaki, akafunga mlango. Kutoka ndani akasema: "Toa ile manguo. Mu nyumba yangu hayiingie."

Nkambo alifikiri ni mchezo. Akangoja. Mlango haukufunguka. Mwisho alivua shati na suruali pale inje, majirani wakiangalia, akabaki na kaptula ya ndani. Sasa mlango ukafunguka.

Ili kuelewa mlango ule lazima tukumbuke mwezi wa kumi na mbili 1941. Wale waliofanya kazi Union Minière miaka ile waliona vitu vinapanda bei juu ya vita, mishahara inabaki chini, na kila siku wanaambiwa: toeni shaba nyingi zaidi, Waingereza wanaihitaji. Wafanyakazi wazungu walikuwa wa kwanza kudai. Kisha weusi nao wakaacha kazi, Jadotville na Elisabethville. Tarehe 9, wagomaji walikusanyika kwenye uwanja wa mpira wa Elisabethville. Basoda wakafyatua. Makumi ya watu walikufa pale, na kati yao Léonard Mpoyi, karani aliyekuwa anasema kwa niaba ya wenzake. Mukubwa wa nkambo alikuwa kwenye nyasi zile. Alilala chini kati ya watu wawili ambao hawakuamka, mpaka jua likashuka.

Wenye kufyatua walivaa kaki ya Force Publique. Hawakuwa wazungu peke yao.

Usiku ule wa 1945 ndugu wawili walikaa jikoni. Mukubwa akauliza: "Kule mulikuwa munaua nani?" Nkambo akajibu: "Mi sikuua mutu. Mi nilibeba." Basi, shangazi anasema, mukubwa akamupa bukari.

Sasa buku ya kazi. Mwipwa wangu hakuiangalia, aliiweka pembeni afikie utepe wa medali. Mimi nikaichukua. Ukurasa wa kwanza kuna alama ya kidole gumba, nyeusi, na namba. Kurasa za ndani ni mihuri. Muhuri wa zamani umeandikwa Shinkolobwe, 1934. Nikarudia kuusoma.

Watu wa Likasi hatuna haja ya kuelezwa Shinkolobwe ni wapi. Lakini watoto wetu wengi hawajui hili: kabla ya vita walichimba pale kwa ajili ya radium, na uranium ilikuwa sawa takataka. Mgodi ulifungwa mu 1937. Mwaka wa 1940 Edgar Sengier, mukubwa wa Union Minière, alituma tani 1.200 hivi za mawe yale kwa meli mpaka New York, zikakaa kwenye depo. Mu 1942 Wamarekani wakazinunua. Bomu lililoanguka Hiroshima tarehe 6 mwezi wa nane 1945, sehemu kubwa ya uranium yake ilitoka kwetu. Mawe yale yalitoka kwa mikono ya watu wa 1934, 1935, 1936, wasiopewa hata glovu, na hakuna aliyewaambia wanashika nini.

Kwa hiyo vita ambavyo nkambo alibebea watu mu matope, vile vya Wajapani, vilimalizwa na mawe ambayo labda mukubwa wake aliyapakia mu kigari. Mmoja alipewa medali. Mwingine alipewa posho yake ya kila wiki, unga, samaki, mafuta, na ikakatwa siku za mgomo. Alikufa mbele ya uhuru, na nkambo njo aliyechukua buku yake akaiweka mu kisanduku cha jeshi, juu ya medali. Hakuiweka chini.

Medali yenyewe haikumusaidia sana. Miaka minne alifunga vidonda, alijua kuchemsha masindano, alijua kushika mtu anayekatwa mguu. Alipoomba kazi ya infirmier, ofisini wakamuuliza diplome. Hakuwa nayo. Wakamupa koleo. Akaenda fonderi, akafanya miaka 27 mbele ya moto, akalea watoto saba. Kila mtu wa kamponi aliyeungua alikimbizwa kwanza kwake kabla ya dispensaire. Shangazi anakumbuka watu wakigonga usiku: "Tuitie ule mwenye tipoyi."

Mwezi wa sita 2022, Mfalme Philippe alipofika Kinshasa, alimuvika nishani mzee Albert Kunyuku, miaka 100, aliyefika Birmanie sawa nkambo. Shangazi alisikia kwa redio. Aliongeza sauti, kisha akasema tu: "Yetu aliharakisha kufa." Mwipwa naye alikuwapo, na nafikiri siku ile njo alijua kwamba medali ni kitu watu wanatafuta.

Turudi kwenye siku ya Mungu. Mimi nilikuwa nimekuja kukataa. Nilitayarisha maneno: kumbukumbu, heshima, haki ya wazee, mambo tunayopenda kuandika sisi watu wa gazeti. Shangazi aliniacha niseme mpaka mwisho. Akageukia mwipwa.

"Ule mutu ananunua nini?"

"Medali, Tantine."

"Na hii buku?"

"Sijamuuliza."

"Muulize."

Akapiga simu pale pale, sauti inje, sisi wote tunasikia. Mtu wa Lubumbashi alikuwa mpole. Medali na utepe, ndiyo. Picha za basoda kama ziko, ndiyo. Buku ya kazi? "Aa, ile hapana, papa. Ile beko nayo bantu bote."

Shangazi akafunika kisanduku nusu. "Uzisha ile ya kung'aa," akamwambia mwipwa. "Mi sikuona nkambo yenu akiivaa hata siku moja. Watoto barudie ku masomo. Buku inabaki, na kijiko."

Nikamuuliza kama ana uhakika. Akaniuliza mimi kama niko na minerval ya watoto wawili. Sikuwa nayo.

Medali ilienda Lubumbashi siku ya pili. Walilipa dolari 55, si 60, juu utepe ulikuwa umepasuka. Minerval ya msichana ikatosha, ya kijana ikabaki nusu, nikaongeza nilichoweza mwisho wa mwezi.

Msichana yule ana miaka 14. Alipokuja kusalimia aliomba kuiona buku. Akafungua ukurasa wa kwanza, akaweka kidole gumba chake juu ya kile cheusi, akakiona ni kikubwa kuliko chake. Akauliza namba ile ni ya nini. Shangazi akamwambia akae chini.