Mhindu, Myahudi na maana ya kitabu kitakatifu

MKAZI wa Madale, pembezoni mwa Wilaya ya Kinondoni, anayefika katikati ya Jiji la Dar es Salaam na kupita Mtaa wa Kisutu, huyaona mahekalu ya Wahindu. Swali linalowajia wengi hapo ni moja: Biblia au Kurani yao ni ipi?

Ni swali la kawaida katika nchi ambayo muumini hutambuliwa kwa kitabu chake. Myahudi akiulizwa, hujibu mara moja. Mhindu hana jibu la neno moja, na wapo wanaodhani kwa sababu hiyo kwamba dini yake haina maandiko. Dhana hiyo si sahihi.

Kwanza, Mhindi si lazima awe Mhindu. Mhindi ni mtu mwenye asili ya India, awe Muislamu, Mkristo au Kalasinga. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu.

Maandiko ya Wayahudi, yaitwayo Tanakh, yana vitabu 24 katika mafungu matatu: Torati, Manabii na Maandiko. Kiini chake ni Torati, yaani vitabu vitano vya Musa. Gombo linalosomwa katika sinagogi huandikwa kwa mkono juu ya ngozi ya mnyama aliye halali kuliwa. Herufi moja ikikosekana, gombo hilo halifai kusomwa hadi lisahihishwe.

Nguvu ya andiko hilo ilionekana nchini Uganda. Mwaka 1919, Semei Kakungulu, aliyekuwa ameisoma Biblia kwa Kiganda, aliamua pamoja na wafuasi wake kuzishika sheria za Musa. Jamii hiyo ya karibu na Mbale, iitwayo Abayudaya, ilistahimili hata utawala wa Idi Amin aliyepiga marufuku ibada zao, na ipo hadi leo.

Kwa Wahindu, maandiko ya juu kabisa ni Veda nne. Ya kale zaidi, Rigveda, ina tenzi 1,028. Veda huitwa shruti, maana yake kilichosikiwa. Kwa karne nyingi zilihifadhiwa vichwani: mwanafunzi alikariri mbele ya mwalimu, neno moja moja, kisha mawili mawili, ili pasipotee hata sauti moja. Mwaka 2003 UNESCO iliutambua ughani huo kuwa urithi wa binadamu.

Chini ya Veda yapo maandiko yaitwayo smriti, kinachokumbukwa, zikiwamo tenzi ndefu za Ramayana na Mahabharata. Bhagavad Gita, yenye sura 18 na beti 700, ni sehemu ya Mahabharata. Ingawa haihesabiwi miongoni mwa Veda, ndiyo inayosomwa zaidi na Wahindu wengi majumbani.

Hata hivyo, dini hizi mbili hukutana mahali pamoja. Wayahudi nao wanayo Torati ya mdomo, iliyoanza kukusanywa katika Mishna yapata mwaka 200 baada ya Kristo, na baadaye ikafafanuliwa katika Talmudi. Kwa wote wawili, neno takatifu huhitaji mwalimu wa kulifundisha.

Hivyo anayetaka kumwelewa jirani yake Mhindu asiishie kumuuliza ana kitabu gani. Amuulize pia anakariri nini, na nani alimfundisha.